Sukari ya Asubuhi

Emérence alikutwa chini ya meza yake ya kazi, shavu juu ya sementi, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti. Karatasi ilikuwa bado kwenye mashine ya kupigia chapa. Barua aliyokuwa akiiandika ilikatikia katikati ya neno.

"Amekufa," alisema mlinzi wa kampuni, kofia mkononi.

"Hajafa," alijibu Inspekta Théodore Birindwa. Alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na mdomo wa msichana. Pumzi ilikuwepo, nzito na ya haraka, kama ya mtu aliyepanda kilima cha Kadutu na gunia kichwani. Tena ilikuwa na harufu tamu, ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Ofisi ilikuwa ya kampuni moja ya kahawa, mtaa wa Nyawera. Wafanyakazi walikuwa wamejazana mlangoni, hakuna aliyetaka kuingia, hakuna aliyetaka kuondoka.

"Ile harufu naijua," ilisema sauti ya kike. "Ni kasiksi. Alikunywa pombe ya ndizi mupaka asubuhi, sasa anakuya kutusumbua."

Msemaji alikuwa Domitille, mpiga chapa wa pili, nywele zake zimefungwa kwa uzi mweusi na kusimama wima kichwani. Meza yake ilikuwa kwenye kona yenye giza. Ya Emérence ilikuwa dirishani.

"Ulimwona akinywa?" Inspekta aliuliza.

"Hapana."

"Nani alimwona?"

"Siku hizi anakunywa maji kama ng'ombe. Mutu wa kukunywa maji vile, amelala na pombe."

"Unaonekana huna huruma naye."

Domitille alikunja midomo. "Ile meza ya dirisha ilikuwa yangu, Inspekta. Mi nilifika hapa mbele yake. Unataka nilie?"

Inspekta alimgeukia mgonjwa. Alimnyanyua msichana kwa msaada wa mlinzi, akampandisha kwenye kamioneti ya kampuni, akakaa naye nyuma akimshikilia kichwa ili kisigonge bati. Njiani alifungua mkoba wa msichana. Hamkuwa na vitu vingi: rozari, kitana, kikopo cha bati chenye bomba la sindano la kioo, na chupa ndogo ya dawa iliyozungushiwa kitambaa chenye maji.

Aliitazama chupa ile. Ndani yake kulikuwa na vipande vyeupe vinavyoelea.

*

"Ni sukari," alisema Daktari Benoît, baada ya kumwekea mgonjwa maji ya mshipa. "Vitabu vinasema kisukari, lakini wagonjwa wenyewe wanaiita sukari tu. Mwili wa msichana huyu hautengenezi insulini hata tone. Lazima ajidunge kila siku ya Mungu. Akiacha, damu yake inageuka sumu. Harufu uliyoisikia ndiyo hiyo."

"Basi aliacha kujidunga?"

"Hapana. Alama za sindano kwenye mapaja yake ni mpya. Alijidunga hata leo. Njoo uone."

Daktari aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Dawa hii ikiwa nzima, inafanana na maziwa yaliyotiwa maji. Ukiibingirisha mkononi, inachanganyika vizuri." Aliibingirisha. Vipande vyeupe vilizunguka, vingine viling'ang'ania kioo. "Umewahi kuona ute wa yai ukimwagika kwenye maji yanayochemka?"

"Imepikwa?"

"Imepikwa. Kizibo hakikufunguliwa. Mtu aliichukua chupa nzima, akaichemsha, akairudisha mahali pake. Jua la Bukavu haliwezi kufanya kazi hiyo, Inspekta. Msichana alikuwa akijidunga maji matupu. Ndiyo maana nakuomba usiondoke. Huu si ugonjwa peke yake, kuna mkono wa mtu."

"Ataishi?"

Daktari alishusha chupa. "Hapa hospitali ninayo chupa moja, tena imeshatumika. Itamfikisha kesho. Nimemtuma dereva Bujumbura, lakini mvua imeharibu barabara ya Kamanyola. Kama ana akiba mahali, na kama haijaguswa, itafute. Uhai wake uko humo."

Mchana, dawa ilipoanza kufanya kazi, Emérence alifumbua macho. Inspekta aliinama.

"Mwanangu, chupa zako zingine ziko wapi?"

"Kwa Papa Ignace. Mu frigo yake." Ulimi ulikuwa mzito. "Kwetu Kadutu hatuna courant ya umeme."

"Ignace ni nani?"

"Mukubwa wa hesabu, ku kazi."

"Hii uliyokuwa nayo, uliona imeharibika?"

"Niliona iko na bipande. Nilibeba nimuonyeshe daktari, kazi ikiisha."

"Na ukaendelea kujidunga?"

Msichana alimtazama kana kwamba swali lenyewe lilikuwa la ajabu. "Ingine ningetoa wapi, Papa? Mushahara yote iliishia mu zile chupa. Nikasema, pengine nguvu kidogo imebakia."

Inspekta alimvutia shuka hadi mabegani. Alikuwa amezoea uongo wa watuhumiwa. Ukweli wa namna hii ulimshinda.

"Nani anajua ugonjwa wako?"

"Papa Ignace peke yake. Ku kazi bakijua, bananifukuza. Mu mutaa bakijua, nani atanioa? Tafazali, usiseme."

"Sitasema," aliahidi.

*

Nyumba ya Ignace ilikuwa Muhumba, nyumba ya kampuni, yenye bustani inayoteremka kuelekea ziwani. Mke wake, Constance, alifungua mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, kikwembe chake cha kitenge kimepigwa pasi, sura yake nzuri iliyochoka.

"Karibu, Papa. Bwana iko ku kazi."

"Nimekuja kwa ajili ya frigo, Mama."

Constance hakuuliza frigo imefanya nini. Inspekta aliliweka hilo moyoni.

Frigo ilisimama katika chumba cha kulia, juu yake kitambaa cha kufuma na picha ya harusi. Nyuma ya siagi kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli chupa tatu. Inspekta alizitoa mojamoja, akazibingirisha mbele ya dirisha. Zote zilikuwa na vipande vyeupe. Hakuna hata moja iliyosalimika.

Alifikiria barabara ya Kamanyola na tope lake, akamgeukia Constance.

"Hizi ni za nani?"

"Iko dawa ya bwana yangu. Mi siigusake."

"Anaumwa?"

"Muulize yeye."

Inspekta alichunguza karatasi zilizobandikwa kwenye chupa. Zilikuwa na mikunjo, kama karatasi iliyolowa ikakauka. Moja ilikuwa imebandikwa upande. Alikwangua ukingo wake kwa ukucha, na punje nyeupe, kavu, ikaangukia kiganjani. Aliisugua kwa kidole. Hakuhitaji maabara. Alipokuwa shule alibandika majalada ya madaftari yake yote kwa kitu hicho hicho, na hakuna mtoto wa Bukavu asiyekijua: bugali wa muhogo, uliopondwa kwa maji kidogo.

Mtu alichemsha chupa, karatasi zikabanduka, naye akazirudisha ili asijulikane. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya.

"Nani anafungua frigo hii?"

"Mi na bwana. Batoto, nabapiga mikono."

"Unamjua msichana anayeitwa Emérence?"

Constance alichukua kitambaa, akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Yule wa asubuhi?"

"Wa asubuhi?"

"Anapitia hapa kila siku, mbele ya kazi. Bwana yangu anamufungulia mulango."

"Wanafanya nini?"

"Uliza bwana."

"Nakuuliza wewe, Mama."

"Mi ni bibi ya jikoni, Papa. Mambo ya salon, kule kwa wageni, sijuwe."

"Yuko hospitali. Hali yake ni mbaya."

Kitambaa kilisimama. "Mimba?"

"Sikusema mimba."

"Basi nini?"

Neno lilikuwa ulimini mwa Inspekta. Alikumbuka ahadi aliyoitoa kitandani kwa mgonjwa, akalimeza. "Anaumwa tu," alisema, akafunga chupa tatu kwenye leso kama vielelezo.

*

Ignace aliketi katika ofisi ya upelelezi akiwa ndani ya suti ya abakosti ya kijivu, beji ya chama kifuani, mikono juu ya magoti. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, mtu ambaye hata hofu yake ilikuwa imepangwa vizuri.

"Emérence ni nani kwako?"

"Mfanyakazi mwenzangu."

"Mfanyakazi mwenzako anaingia nyumbani kwako kila asubuhi watoto wakiwa wamelala."

Ignace alisawazisha mikono juu ya magoti.

"Citoyen Ignace, ofisi nzima inasema ni kimada wako. Dawa yake ilikuwa kwenye frigo yako, na imeharibiwa kwa makusudi. Mwanaume aliyechoka na kimada anaweza kufanya hivyo. Unanielewa?"

"Niliapa nisiseme."

"Yeye mwenyewe ameshaniambia. Ni sukari."

Mabega ya Ignace yalishuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mdogo wangu alikufa na sukari, Inspekta. Kule kwetu Walungu. Alikunywa maji, akakonda, akanuka mdomo, akalala, basi. Hatukujua. Tulisema amelogwa, tukagombana na majirani. Siku Emérence alipoanguka mara ya kwanza ofisini, nilisikia harufu ile ile. Nikamwita pembeni, akalia, akaniapisha. Nikampa nafasi kwenye frigo. Nikamweka karibu na dirisha ili nimwone kutoka mezani kwangu, asije akaanguka peke yake."

"Ile meza ilikuwa ya Domitille."

"Ndiyo. Hajanisamehe."

"Domitille anamfahamu mke wako?"

"Wanaimba pamoja kanisani."

Inspekta aliandika jina hilo, akalipigia mstari. "Mke wako anajua ugonjwa wa msichana?"

"Hajui. Kiapo ni kiapo."

"Kila asubuhi mnafanya nini? Hatua kwa hatua."

"Namfungulia. Natoa chupa. Anaingia salon, nafunga mlango ajidunge kwa heshima, mimi nasubiri kwenye barza, hapo mlangoni. Akitoka anatengeneza kikwembe, kwa sababu anajidunga pajani. Namuuliza hali, anaenda."

"Unamuuliza vipi? Nataka maneno yenyewe."

"Namuuliza, 'Sukari, iko namna gani leo?' Ananijibu, 'Iko muzuri, Papa.' Tunacheka kidogo, kumtia moyo. Ni hivyo tu."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Rudia."

"Sukari, iko namna gani leo?"

"Kwa sauti gani?"

"Ya chini. Watoto wamelala."

"Chumba chenu cha kulala kiko wapi?"

"Nyuma ya ukuta wa salon," alisema Ignace. Kisha, polepole, uso wake ukabadilika.

Inspekta hakumsubiri amalize kufikiri. Kichwani alijiweka mwenyewe nyuma ya ukuta ule, gizani, kitandani, upande mmoja wa godoro ukiwa umepoa. Mlango unafungwa. Kimya. Mlango unafunguliwa. Msichana anatoka akivuta kikwembe chake. Na sauti ya mume, laini, sauti ambayo mke haisikii mchana, kama inayomwita mtu kwa jina la mapenzi: Sukari, iko namna gani leo?

Lakini hisia si ushahidi. Alimtazama Ignace tena.

"Karatasi zako ofisini, unazibandika na nini?"

"Na gundi. Ninayo chupa mezani, na brashi yake. Kwa nini?"

"Basi. Mtu mwenye gundi mezani haendi kuomba bugali jikoni."

Kisha alipitia ofisi ya kahawa, Nyawera, akamwita Domitille kwenye ngazi.

"Ulimwambia nini Mama Constance?"

"Ukweli."

"Ukweli upi?"

"Asikilize vizuri asubuhi. Mwanaume hawezi kumupa mutoto meza ya dirisha bure." Domitille aliinua kidevu, lakini macho yake yalianza kukwepa. "Juu ya nini? Kuko nini?"

"Anakufa," alisema Inspekta. "Hajawahi kulewa hata siku moja."

Alimwacha pale, mkono kwenye ukuta.

*

Constance alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo. Ignace alibaki mlangoni pamoja na askari, kama alivyoagizwa. Inspekta alivuta kigoda, akaketi karibu na mwanamke kama mgeni wa jioni.

"Mama, kuna jambo nililoombwa nisiliseme. Nitalisema, na lawama nitaibeba mimi. Yule msichana ana ugonjwa mubaya sana. Hauponi. Zile chupa ndizo zinamuzuia asikufe."

Chekeche liliendelea kwenda huku na huku.

"Ugonjwa gani?"

"Unaitwa sukari."

Chekeche lilisimama.

"Unaitwa?"

"Sukari, Mama. Damu inajaa sukari mpaka inamuua mutu. Kila asubuhi anajidunga sindano pajani. Akimaliza, mutu anayemujali anamuuliza sukari iko namna gani."

Chekeche liliteleza mikononi mwa Constance, unga ukamwagika juu ya miguu yake, na yeye akawa anautazama kana kwamba miguu ile ni ya mtu mwingine.

"Sukari... iko maladi, ugonjwa?"

"Iko maladi."

"Yesu wangu." Alishuka kutoka kwenye kigoda, akakaa chini kabisa, ndani ya unga. "Yesu wangu, Yesu wangu. Nilisikia na masikio yangu, Papa. Kila asubuhi. Sukari, iko namna gani? Sukari! Nilikuwa nauma mashuka. Nilikuwa najiambia, leo nitatoka, leo nitafungua ule mulango. Na miguu inakatala. Kisha Domitille akaniambia, Mama, wewe uko unalala tu?"

"Na chupa?"

"Niliuliza bwana, ni nini hii mu frigo? Akasema, ni dawa, usiguse. Dawa gani? Akasema, dawa tu. Papa, dawa ya kuficha bibi yako, nyeupe vile, na musichana anakuya nayo kila siku, ni dawa gani? Ni ya kufunga wanaume. Ndiyo nilijua."

"Mbona hukuzitupa?"

"Ukitupa dawa ya mapenzi, mwenyewe anatengeneza ingine ya nguvu kupita. Ukiipika na moto inakufa palepale, na mwenyewe hajuwe. Wamama bote banajua ile." Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayetaja dawa ya kikohozi. "Nikachemsha zote mu sufuria. Karatasi zikatoka. Nikazipakaa bugali, nikarudisha."

"Ulitaka afe?"

"Hapana!" Aliinua uso, mweupe kwa unga, machozi yakichora njia mbili. "Nilitaka mapenzi yake ikufe. Si yeye. Ule mutoto ananisalimiaka na heshima, anapiga magoti. Ndiyo nilimuchukia zaidi."

Mlangoni, Ignace alipiga hatua moja. Askari akamzuia.

"Mama," Inspekta aliuliza taratibu, "mumeo alikuwa akikunyima chakula? Akikupiga?"

"Hajanipiga hata siku moja. Mushahara analeta. Ni mwanaume muzuri, kila mutu anasema." Alicheka, kicheko kibaya. "Lakini mi nimemuzalia, nimezika mutoto mumoja, nimelala hospitali na tumbo, na hajaniuliza hata siku moja, uko namna gani leo? Anaulizaka chakula, anaulizaka viatu. Na ule musichana, kila asubuhi! Kila asubuhi anaulizwa! Kama angemupa pesa, ningenyamaza. Kama angelala naye na kunyamaza, pengine ningenyamaza. Nilikuwa namuonea wivu juu ya swali, Papa. Swali tu."

Inspekta alitambua kwamba alikuwa ameshikilia kalamu muda wote huo bila kuandika.

"Ataishi?" Constance aliuliza.

"Sijui," alisema Inspekta, na hilo lilikuwa jibu gumu kuliko yote aliyoyatoa siku ile.

*

Gari la hospitali liliingia Bukavu asubuhi iliyofuata, limepakwa tope hadi juu ya kioo. Dereva alikuwa amelisukuma mara nyingi kuliko alivyoliendesha. Daktari Benoît alipeleka ujumbe mfupi: dawa imefika, mgonjwa amekunywa uji na ameuliza kama kuna mtu anayemalizia barua yake. Kuanzia siku hiyo chupa zake zingekaa hospitali, na daktari mwenyewe angekwenda kuzungumza na mkurugenzi wa kampuni. Msichana alikuwa amekubali. Alichoka kujificha.

Inspekta alimsomea Constance habari hiyo kabla ya kumsomea hati ya mahojiano. Aliisikiliza amesimama. Kisha akasujudu kwenye sakafu ya ofisi ya serikali, paji la uso chini, akakaa hivyo muda mrefu.

Hati ilikuwa na kila kitu: chupa, sufuria, bugali, kukiri kosa. Juu yake Inspekta aliandika jina la Kizaire la mtuhumiwa, kama amri ilivyotaka, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwenye karatasi zote. Constance alitia sahihi. Hakimu angeamua, na Inspekta alinuia kumweleza hakimu mambo yote, hata yale yasiyo na kifungu katika sheria.

Ignace alikuwa akisubiri kwenye ukumbi, sahani imefunikwa kwa kitambaa mkononi. Kwa miaka yote alimwita mkewe Mama Pascal, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Aliingia. Aliweka sahani juu ya meza. Alitazama sahani, akatazama dari, akamtazama mwanamke aliyekaa kwenye benchi na unga bado kwenye pindo la kikwembe.

"Constance," alisema, akavua miwani. "Constance, uko namna gani leo?"

Constance alimtazama kama mtu anayepima iwapo aliyemuuliza anataka kweli kujua. Ignace alivuta kiti, akaketi mbele yake.

Ndipo Constance akaanza kujibu, na Inspekta Birindwa akatoka nje taratibu, kwa sababu jibu lilikuwa refu.